Mstari wa Kumi na Nne

Nikiulizwa nani alinifundisha kufuma, huwa nalitaja jina la Mwalimu upesi upesi kisha nageuza mazungumzo. Watu hudhani ni unyenyekevu. Wengine hunisifu eti simsahau aliyenitoa ujingani. Ukweli ni kwamba jina lile likinitoka mdomoni nasikia uso unawaka, na hapa sitaliandika. Nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita sote pale kituoni, kuanzia mama msimamizi mpaka yule aliyetuuzia maandazi mlangoni.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya kanisa, Tukuyu mjini. Bati lake lilikuwa jembamba, na mvua ikinyesha ilibidi Mwalimu afundishe kwa vidole kwa sababu hakuna aliyemsikia. Mtu anayeijua Tukuyu anajua maana yake: alifundisha kwa vidole karibu mwaka mzima. Tulikuwa akina mama na wasichana kama ishirini, siku tatu kwa wiki. Wengi walikuja kufuma sweta za shule. Sisi wachache tuliojiona wajanja tulikuja kufuma lesi, zile shali nyembamba za matundu ambazo mtoto mchanga hufunikwa siku ya ubatizo, na baada ya hapo hukunjwa na kuwekwa sandukuni mpaka azaliwe mwingine.

Mwalimu alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana ya mtu aliyebeba ndizi tangu utotoni, na vidole ambavyo huwezi kuamini vinashika uzi mwembamba. Alivaa sweta moja ya kijani iliyotoboka kiwiko. Miaka yote niliyomjua sikumwona hata siku moja akivaa lesi. Tulipomuuliza alisema yeye ana kazi za kufanya, na lesi inanasa kila mahali. Lakini mkono wa miwani yake ulikuwa umevunjika, na ule uzi alioufungia, ukiutazama vizuri, ulikuwa umefumwa kwa matundu madogo mno, upana wa kidole. Nilimtania siku moja kuhusu uzi huo. Akaivua miwani, akaitia mfukoni, akaendelea kufundisha bila miwani mpaka saa ya kuondoka.

Alikuwa mkali kwa wachelewaji na mwenyewe alikuwa mchelewaji mkubwa. Hakuweza kumpita mtu njiani. Kila aliyekutana naye, Mwalimu alisimama kumwamkia, mugonile, habari za kuamka, na za watoto, na mgonjwa, na ng'ombe, mpaka habari zikaisha, ndipo apige hatua nyingine kumi na kukutana na mtu mwingine. Akifika anakuta tumekaa tunamngoja, anaangalia saa ya ukutani, kisha anatuuliza sisi kwa nini hatujaanza. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wazima wa kwetu, kisichojua kutofautisha mstari na "mstali", na wasichana wa mjini walimwiga kwa siri wakacheka. Nami nilimwiga. Afadhali niliseme hilo mapema, maana ndilo dogo kuliko yote nitakayoyasema.

Kusifu hakujua. Ukimpelekea kazi ya wiki tatu, aliigeuza, akaishika dhidi ya dirisha, akaitazama kona nne zote, akasema, "Haya." Basi, hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Kuna mama mmoja wa Ikuti alikuja miaka miwili akapata "haya" moja tu, na alipoipata alikwenda kulinunulia darasa zima maandazi. Ukikosea pia hakugomba. Alichomoa sindano kutoka kwenye kazi yako, akaviacha vitanzi vyote vikining'inia wazi bila kitu cha kuvishika, akaenda kujimiminia chai. Ulibaki umeduwaa na kazi yako inafumuka mapajani, na hakuna aliyethubutu kukusaidia.

Lakini alipokosea yeye, na alikosea kama mtu yeyote, alisimama katikati ya chumba akatuita. "Njooni muone," alisema. "Leo nimekosea mstari wa saba." Tukamzunguka, akatuonyesha kosa kwa ncha ya sindano, akatueleza alikuwa anawaza nini alipokosea. Mara nyingine alikuwa anawaza mihogo yake, mara nyingine hasira za jirani. Kisha alifumua mbele yetu bila haya. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Mtu wa namna ile ndiye niliyeogopa kumwambia nimekosea.

Siku za ruksa zilipofika na biashara ikaachiwa huru, marobota ya mitumba yakaanza kufunguliwa sokoni, na hapo ndipo tulipomwona Mwalimu mwingine kabisa. Kwa mdomo aliyachukia. Aliyaita kafa Ulaya, na aliapa kwamba hakuna wa nyumbani kwake atakayevaa nguo ya maiti. Lakini robota likifunguliwa yeye alikuwa wa kwanza, siku ile hakuamkia mtu njiani, na aliwapiga vikumbo vijana wenye nguvu ili afikie sweta za sufu. Alizigeuza ndani nje, akatafuta mshono wa ubavuni, akavuta uzi mmoja. Uzi ukikatika, alirudisha sweta. Ukija mrefu bila kukatika, alinunua.

Kabla ya hapo uzi mwembamba ulikuwa hadithi. Ulipatikana kwa kujuana na mtu wa duka, tena rangi moja, tena mara moja kwa mwaka. Sasa Mwalimu alikaa barazani kwake akizifumua sweta za watu asiowajua, akizungushia uzi kwenye miguu ya kigoda kilichopinduliwa. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi. Aliufua, akautundika na jiwe kwa chini ili unyooke, na kwa kuwa jua letu ni la kubahatisha, alimalizia kuukausha juu ya meko. Shali zetu zote zilinukia moshi wa kuni. Sindano alizitengeneza kwa spoku za baiskeli, akazisugua kwenye jiwe mpaka zikateleza, na shali ikishafuliwa aliitandaza juu ya godoro na kuivuta kwa miiba ya mlimao, kwa sababu pini zinaacha kutu.

Sasa nieleze habari ya chati, maana bila hiyo huwezi kuujua uovu wangu.

Mwalimu alijifunza chati kutoka kijitabu kikuukuu kilichoachwa na wamisionari, kwa lugha ambayo hakuijua hata neno. Alikuwa akisema kwamba maneno hayakumsumbua kwa sababu hakuwa na haja nayo. Baadaye akaanza kuchora za kwake, kwa penseli, kwenye madaftari ya hesabu ya miraba. Alichora vitu vya kwetu: safu za chai, mvua ya upepo, njia ya kona inayoshuka Kisondela alikokuwa na nyumba yake.

Chati ya lesi husomwa kutoka chini kwenda juu. Mstari wa kwanza uko chini kabisa, kama msingi wa nyumba. Mraba mmoja ni kitanzi kimoja. Mraba mtupu, unafuma kawaida. Huo tuliuita wazi. Mraba wenye duara, unazungusha uzi kwenye sindano ili pabaki tundu. Mraba wenye kijiti kilichoinama, unaunganisha vitanzi viwili kuwa kimoja ili tundu lile lisikuongezee upana. Hapo hakuna ugumu. Ugumu uko kwenye kwenda na kurudi. Mstari wa kwanza unausoma kutoka kulia kwenda kushoto. Ukigeuza kazi unarudi, na macho nayo yanapaswa kurudi, yasome kutoka kushoto kwenda kulia. Chati nyingi hazina kitu kwenye mistari ya kurudi, ni wazi tupu, kwa hiyo mtu anaweza kufuma mwaka mzima bila kujua kwamba macho yake yamezoea njia moja tu. Dawa ya Mwalimu ilikuwa kuandika namba za mistari pande mbili: ya kwenda, namba zake kulia, ya kurudi, namba zake kushoto. "Anza pale namba ilipokaa," alisema. Alisema hivyo mara nyingi kuliko alivyosema habari za asubuhi, na kwake hizo hazikuwa chache.

Chati aliyoipenda kuliko zote ilimchukua masika mawili kuichora. Aliiita Jani la Mgomba. Mtu mwingine angechora jani zima, pande mbili sawa. Yeye alichora jani lililochanwa na upepo upande mmoja, mshipa umenyooka katikati, kushoto limefunga na kulia limechanika. Ili machaniko yakae vizuri ilimbidi aweke matundu kwenye mstari mmoja wa kurudi, wa kumi na nne. Mmoja tu. Namba yake aliiandika upande wa kushoto, na hiyo peke yake kwa kalamu nyekundu.

Wakati huo kituo kilikuwa kinayumba. Shule zilianza kukubali sweta za mitumba mradi rangi ifanane, na sweta zetu zikabaki kabatini zinaliwa na nondo. Mama msimamizi alihangaika huku na huku, mwishowe akampata mfanyabiashara wa Dar es Salaam, mama aliyekuwa anafungua duka la nguo za watoto na anatafuta shali za ubatizo zilizofumwa kwa mkono. Alisema atakuja mwenyewe kuangalia shali moja ya mfano. Akiipenda, darasa la lesi litakuwa na kazi ya kudumu. Asipoipenda, msimamizi alisema wazi, hakuona sababu ya kuendelea kuwa na mwalimu wa lesi.

Mwalimu alichagua Jani la Mgomba, na akanichagua mimi niifume. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa mwepesi kuliko wote, na hakuna aliyelijua hilo kuliko mimi mwenyewe. Alinipa karatasi yenyewe ya chati, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, akaniambia nifume juu ya karatasi ile ile, nisinakili. Sikuona sababu. Nyumbani kwetu kulivuja, na karatasi ilikuwa imejaa alama za kufuta na kurudia, ikaniudhi macho. Nikanunua daftari jipya nikaichora upya, safi, kwa rula. Namba za mistari nikazipanga zote upande wa kulia, moja juu ya nyingine, kwa sababu zilipendeza zaidi hivyo. Karatasi yake nikaiweka juu ya kabati, na baada ya wiki tatu niliirudisha bila doa. Aliitazama, akasema, "Haya." Ndiyo "haya" pekee niliyowahi kupewa naye kwa jambo lisilo la sindano, na nilitembea nayo kichwani njia nzima.

Mgeni alifika mchana, mvua ikiwa imetulia, siku ile ile niliyoileta shali, kabla Mwalimu hajaishika dhidi ya dirisha. Alikuwa mama mtaratibu, hakuringa. Aliitandaza shali juu ya meza, akafuata mshipa wa jani la kwanza kwa kidole, akasimama katikati. Akafuata wa pili, akasimama pale pale. Majani yalikuwa thelathini na sita na yote yalikuwa yamevunjika mgongo mahali pamoja. Akasema kwa upole kwamba mfumaji akikosea hukosea hapa na pale, hawezi kukosea sawasawa mara thelathini na sita. Kwa hiyo mfumaji amefuma vizuri, kosa liko kwenye mchoro.

Mwalimu alileta karatasi akaiweka kando ya shali. Hapo ndipo nilipoiona ile kumi na nne nyekundu, imekaa kushoto, na nikajua. Sitasingizia kwamba nilijua baadaye. Nilijua palepale, kabla hajanigeukia.

"Ulifuata karatasi kama ilivyo?" aliniuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

Akainama tena. Alipita mstari kwa mstari, kidole kikienda na kurudi. Alichukua muda mrefu mpaka mgeni akaanza kuiangalia saa yake. Kisha akasimama, akasema yeye haoni kosa kwenye chati. Mama msimamizi akacheka kidogo, kicheko cha aibu, akamnong'oneza mgeni jambo juu ya umri na miwani. Mwalimu alisikia. Akasema kesho asubuhi atakuja alifume jani moja, mstari kwa mstari, mbele yetu sote, tuone.

Wote walitoka kumsindikiza mgeni stendi, Mwalimu naye, kwa sababu mgeni hasindikizwi na nusu ya watu. Mimi nilibaki eti kuikunja shali. Karatasi ilikuwa juu ya meza. Kwenye kopo la sindano kulikuwa na penseli yake na kifutio.

Nilifuta mstari wa kumi na nne nikauandika upya, umegeuzwa, ulingane na shali yangu. Maduara ya Mwalimu yalikuwa madogo na hayakujifunga vizuri kwa juu. Nami nikaacha mwanya mdogo kwa juu katika kila duara. Ilikuwa kazi nzuri. Nilikuwa mwanafunzi wake, nilijua mkono wake. Nikapuliza makombo ya kifutio, nikaikunja shali, nikaenda nyumbani, na lile daftari langu safi nikalitia kwenye moto wa jikoni huku mama akiniuliza nachoma nini. Nikamwambia ni la shule, limeliwa na panya.

Asubuhi yake Mwalimu aliwahi kufika kuliko wote, mara ya kwanza tangu nimjue. Nilimkuta ameketi, ameivua miwani, karatasi iko karibu kugusa pua yake. Tulipotimia akatuita kama alivyotuita siku zote. "Njooni muone. Nimekosea mstari wa kumi na nne." Akatuonyesha kwa ncha ya sindano. Lakini safari hii hakutuambia alikuwa anawaza nini. Alisema jana aliusoma mstari huo huo akauona sawa, na leo anauona umegeuka, na mtu anayeona hivi leo na vile kesho asifundishe watoto wa watu. Akaweka ufunguo wa kabati mezani. Msimamizi alimsihi, lakini alimsihi kama mtu anayemwambia mgeni abaki ilhali chakula hakijapikwa.

Kisha Mwalimu akanigeukia. "Nimekuharibia kazi yako," alisema. "Unisamehe, binti."

"Hamna shida, Mwalimu," nikamjibu.

Nimesema uongo mwingi maishani, kama kila mtu. Lakini maneno hayo matatu ndiyo ningependa kuyarudisha kinywani kuliko uongo wote. Alisimama hapo akiniomba msamaha, na mimi nikampa.

Darasa nikapewa mimi. Yule mama wa Dar es Salaam hakuchukua lesi ya majani. Alichukua shali za mtindo rahisi, ambazo nilizifundisha kwa chati zenye mistari ya kurudi mitupu. Miaka kumi na moja nilisimama mahali pake, kwenye bati lile lile linalopiga kelele, nikawaambia wasichana, anza pale namba ilipokaa. Walinipenda. Walisema nina subira. Subira yangu ilikuwa woga tu. Kila aliyekosea nilimfumulia mwenyewe kimya kimya ili asiulizwe na mtu.

Mwalimu hakuchora tena chati hata moja. Nilisikia habari zake kwa watu wa Kisondela wanaokuja sokoni: anafuma kofia, anafuma soksi, vitu vya kufuma umefumba macho. Wasichana wakimwomba awaonyeshe lesi anawaambia waende mjini, kuna mwalimu mzuri. Mara mbili tulikutana njiani. Mara zote mbili aliniamkia kwa urefu wake wote, mpaka na habari za darasa, na mara zote mbili nilimwambia nina haraka.

Mwaka wa kumi na moja alinitumia salamu kwa jirani yake, kwamba niende, ana kitu cha kunikabidhi. Nilipanda pikapu mpaka njia panda, nikashuka kwa miguu ile njia ya kona aliyoichora, na kilo mbili za sukari na mche wa sabuni kikapuni. Niliitambua kila kona. Njia nzima nilikuwa naomba nimkute hayupo.

Nilimkuta barazani. Macho yake sasa yalikuwa yameingia ukungu kweli, mboni nyeupe, akanijua kwa sauti. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuwa anamenya ndizi pembeni, akanipa kigoda. Mwalimu aliniuliza habari zote bila kuruka, akasema ndaga, asante, kwa sukari, ndaga kwa sabuni. Ndipo akauinua kutoka mapajani ule mfuko wa nailoni.

Akasema macho yamekwisha na yeye mwenyewe atafuata, na hataki karatasi zake zifungiwe vitumbua. Amefikiria ni nani wa kumwachia. Wanafunzi wengine wote, alisema, walikuwa na tabia ya kuongeza lao. "Wewe hukuongeza lako. Ulifuata kama ilivyo, hata nilipokuwa nimekosea."

Akanyoosha mikono kunipa. Ya juu kabisa ilikuwa Jani la Mgomba. Kumi na nne nyekundu ilikuwa bado imekaa kushoto, na mbele yake mstari wangu, na maduara yangu yenye mianya. Hakuwa ameugusa. Alikuwa ameuacha hivyo miaka yote kama ushahidi juu yake mwenyewe.

Nikamwambia. Sikumwambia kwa ustadi. Nilianza na daftari, nikaruka kwenye kifutio, nikarudi kwenye namba nilizozipanga upande mmoja. Mkwe aliacha kumenya. Nilipomaliza, mikono ya Mwalimu ilikuwa bado imenyooshwa na karatasi juu yake.

"Niliyaona makombo," alisema. "Asubuhi ile. Makombo ya kifutio pale mezani. Nikajiambia, hata haya hayapo, ni macho."

Alizirudisha karatasi mapajani.

"Kumbe nililiacha darasa nikiwa naona."

Nilisema nisamehe, nikalisema tena. Alimwomba mkwe alete penseli ya watoto na kifutio, akaichomoa ile karatasi ya juu akanipa hiyo moja, akaniambia nifute mstari wa kumi na nne. Nikaufuta juu ya goti langu. Kisha akaanza kuutaja kutoka kichwani, kutoka kushoto kwenda kulia, mraba kwa mraba, bila kusita hata mahali pamoja. Wazi, wazi, tundu, kijiti. Wazi tano. Tundu, kijiti, wazi. Miraba kumi na miwili. Alikuwa nayo yote, hakuwahi kuipoteza; kwa miaka kumi na moja alikuwa amekiamini kipande cha karatasi kuliko kichwa chake.

"Umeandika kama nilivyosema?" aliniuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo, ile ile ya siku ya mgeni, kwa heshima ile ile. Naye alisikia. Alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaipapasa kwa kidole gumba pale penseli ilipopita, ingawa penseli haipapasiki. Kisha akamwita mkwe wake aje asome.

Mkwe alijifuta mikono kwenye khanga. Hakujua kufuma, lakini alisoma shule. Mwalimu alimwelekeza: kumi na nne nyekundu, anza pale namba ilipokaa, niambie kila mraba una nini. Yule mama akasoma polepole, akigusa kila mraba. Mtupu. Mtupu. Duara. Kijiti. Mwalimu aliitikia kwa kichwa kila mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nimejishika magoti kana kwamba huenda nimekosea, ingawa nilijua nimeandika sawa.

Ulipoisha akamwambia arudie. Akarudia.

"Sasa ni sawa," Mwalimu alimwambia mkwe wake. Akaiweka karatasi juu ya zile nyingine, akaufunga mfuko mafundo mawili, akauweka tena mapajani chini ya mikono yake. Akaniambia niende kabla mvua haijanikuta njiani. Nikasimama, nikaaga, na ule mfuko sikuuomba.